Nipe Mpaka Ijumaa

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Walimwita Pindo, kwa sababu kwa miaka ishirini na kitu hakuna mtu mtaani aliyenunua suruali ndefu kuliko miguu yake asiende kwake kukunjiwa. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia na pasi nzito, vyote vimebanana kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Chumba cha nyuma alikaa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa ulimi mkali na miguu mizito, ambaye hakuwahi kumsemesha vizuri wala kumwacha alale na njaa.

Figo zilimgeuka akiwa na miaka arobaini na moja. Kwanza alikuwa akiamka macho yamevimba, kisha viatu vikaanza kumkataa, na siku moja akaanguka kifudifudi juu ya kitambaa alichokuwa anakikata. Tangu hapo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alikwenda hospitali kusafishwa damu. Chumba chenyewe kilikuwa na viti saba vya kulalia na mashine saba, na dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe mpaka nusu ili wapita njia wasichungulie. Mtu alichomwa sindano mbili mkononi, damu ikatoka kwa mpira mmoja, ikazunguka kwenye mashine, ikarudi kwa mpira wa pili. Saa nne nzima. Damu ilirudi imepoa, ndiyo maana kila mgonjwa alikuja na mfuko wake wenye shuka na soksi nzito, hata jua likiwa linachoma bati huko nje.

Mwaka wake wa sita kwenye mashine, muuguzi mkuu wa chumba kile, ambaye wote walimwita Sista, alimwambia kuna mpango mpya. Kila mgonjwa anayeanza atapewa mgonjwa mzoefu mmoja, wa kwake peke yake, wa kukaa naye na kuzungumza naye. Wataitwa wenza.

"Mimi nitamwambia nini mtu?" Pindo aliuliza.

"Usimwambie sana. Msikilize. Madaktari wanajua figo. Nyinyi ndio mnaojua maisha ya kuishi bila figo."

Alipofikisha habari nyumbani, wifi yake aliacha kuchambua mboga akamtazama. "Hospitali imekupa mwenza? Kaka yangu hata nyasi hazijaota vizuri juu yake, tayari wanakuozesha?"

"Ni mgonjwa mwenzangu, wifi."

"Ndiyo hayo hayo. Niliona tangu ulipoanza kupaka mafuta kwenda kuchomwa sindano."

Pindo alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alihudhuria mafunzo siku tatu, akaandika kwenye daftari yale aliyoambiwa: usitoe ahadi, usimpangie mtu dawa, usimlinganishe na wewe. Na la mwisho, ambalo Sista alilirudia mara mbili akiwatazama machoni mmoja mmoja: mwenza wako akikwambia amechoka kuishi au hataki tena mashine, siku hiyo hiyo unakuja kuniambia mimi. Siku hiyo hiyo.

Mwenza wake wa kwanza alikuwa karani mstaafu, akafa kwa moyo mwezi wa tano. Wa pili alihamia mji mwingine na simu yake haikupatikana tena. Wa tatu alikuwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na miaka thelathini na minne, mke, binti wa miaka saba, na kibanda cha kunyolea chenye vioo viwili karibu na stendi. Alikuja siku ya kwanza amevaa miwani ya jua ndani ya chumba, na alipokalishwa kiti cha jirani na Pindo alitazama mipira ikijaa damu yake akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Haya, mmeninyonya. Na mabaki mtanirudishia?" Watu walicheka. Pindo peke yake ndiye aliyeona kwamba mkono wake mwingine ulikuwa umekamata ukingo wa kiti hadi vidole vimekuwa vyeupe.

Wiki mbili za kwanza hakutaka kuzungumza. Pindo naye hakumsukuma. Alimpa soksi, maana hakujua kuleta. Alimwonyesha namna ya kupiga teke dogo hewani misuli ya mguu ikianza kukaza katikati ya kusafishwa. Wiki ya tatu Kinyozi akamgeukia.

"Da Pindo, kiu inaisha lini?"

Hilo ndilo swali ambalo watu wazima wa mle ndani hawakulitania. Aliyepoteza figo hakojoi, na maji anayokunywa hayana pa kutokea. Yanakaa miguuni, kisha tumboni, kisha kwenye mapafu. Kwa hiyo wote waliishi kwa kupimiwa vikombe.

"Haiishi," Pindo alimwambia. "Unajifunza kuidanganya. Sukutua mdomo, tema. Nyonya kipande cha barafu, kidogo kama ukucha. Chumvi ipe talaka kabisa."

"Yaani wenzetu wanaambiwa wasipige maji kwa maana ya pombe. Sisi hata maji yenyewe tunayapiga kwa wizi."

Tangu siku hiyo wakawa wanazungumza. Kinyozi alimweleza jinsi mikono ilivyoanza kumtetemeka, hata wateja wenye heshima zao wakawa wanasema watanyolewa wikiendi, wikiendi isifike. Alimweleza kuhusu mkewe, ambaye alikuwa na daftari la kupima kila kikombe anachokunywa. "Ananipenda, najua," alisema. "Lakini amekuwa askari wangu. Nikiingia chooni anasikiliza mlangoni kama nafungua bomba." Ndugu yake wa damu alikuwa amekubali kumpa figo, vipimo vikaanza, kisha siku ya kipimo cha tatu ndugu akazima simu. Kinyozi aliieleza habari hii kwa utani, akimwigiza ndugu yake anavyokimbia ameshika kiuno kwa mikono miwili. Pindo alicheka. Baadaye, akiwa njiani kurudi nyumbani, alijilaumu kwa kucheka.

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha Ijumaa moja kiti cha Kinyozi kikakaa kitupu.

Mtu kukosa siku moja si jambo geni. Msiba, mvua, usafiri. Lakini Jumatatu tena hakuonekana, na Sista alipopiga simu haikuita. Jumanne Pindo akafunga cherehani kitambaa, akatoka kwenda kumtafuta. Hakwenda nyumbani kwake, akaenda kwenye kibanda. Mlango ulikuwa umerudishwa. Aligonga, akasukuma.

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anatazamana na kioo. Uso umevimba, miguu ameivua viatu. Pembeni ya kiti kulikuwa na mfuko wake wa hospitali, na juu ya rafu, kati ya mashine za kunyolea, chupa kubwa ya maji ikiwa imebaki robo.

"Mkeo anajua uko hapa?"

"Mke wangu anajua Ijumaa nilikuwa kwenye mashine. Jana pia. Natoka na mfuko asubuhi, narudi nao mchana." Alivuta pumzi kabla ya kuendelea. "Kaa, dada. Kiti cha kungojea bado kipo."

Pindo akakaa.

"Umechoka," alisema.

"Nimechoka. Usiniambie nitazoea. Kila mtu mle ndani ananiambia nitazoea. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Mtu akiacha, inakuwaje? Daktari nilimuuliza, akaniambia tusifike huko. Sista nikamuuliza, akanipa namba ya mshauri nasaha. Wewe umekaa zaidi ya miaka sita. Umeona watu. Inakuwaje?"

Kulikuwa na jambo ambalo Pindo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, si Sista, si wenza wake wawili wa kwanza. Mwaka wake wa pili, aliacha. Hospitali aliwaambia alisafiri. Hakusafiri popote. Alikuwa amelala nyumbani, amegeukia ukuta.

Akamwambia Kinyozi.

"Siku nane," alisema. "Siku mbili za kwanza ni raha. Hakuna sindano. Nilikunywa maji kama ng'ombe. Siku ya tatu viatu vikakataa. Ya nne ngozi ikaanza kuwasha, nikajikuna kwa kitana hadi damu. Ya tano sikuweza tena kulala chali. Ukilala unazama, kwa hiyo unalala umekaa, umeegemea ukuta, na ukipitiwa tu unashtuka kama mtu aliyevutwa nywele. Mdomo unakuwa na ladha ya misumari. Siku ya saba nilimwita wifi yangu kwa jina la mama yangu. Watu wanasema ni usingizi, mtu analala tu anakwenda. Si usingizi, mdogo wangu. Ni maji. Unazama nchi kavu."

"Ukarudi."

"Sikurudi. Mume wangu alinibeba mgongoni kama gunia. Sikuwa na nguvu hata ya kumkatalia. Ukisikia watu wanasema Pindo ana moyo wa chuma, ujue ni uongo. Nilibebwa."

Alikuwa amekusudia kumtia hofu. Alikusudia tangu neno la kwanza, na alipokuwa anaeleza hakutia chumvi hata kidogo, kwa kuwa haikuhitajika. Kinyozi alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Kwa hiyo zile siku mbili tamu nimeshazimaliza."

"Inuka twende. Sasa hivi. Sista atakupa nafasi."

"Asante, dada. Wewe ndiye wa kwanza kunijibu." Akamshika mkono, ule wa kulia, kwani wagonjwa wa mle walikuwa na mazoea ya kuuogopa mkono wenye mshipa wa kuchomwa sindano. "Nipe mpaka Ijumaa. Sitaki wanifuate na gari hapa stendi, watu wanatazama. Sitaki mke wangu aambiwe na simu ya hospitali kwamba mumewe ni mwongo. Nitamwambia mwenyewe. Ijumaa utaniona."

"Nitakuona wapi?"

"Nipe mpaka Ijumaa, Da Pindo. Usiseme."

Alirudi nyumbani akiwa amebeba neno lile kama kaa la moto. Jumatano asubuhi, Sista alipokuwa anamfunga mpira mkononi, alimuuliza kwa sauti ya chini, "Umemwona mwenza wako?"

"Nimemwona."

"Yuko salama?"

Pindo alitazama damu yake ikipanda kwenye mpira. "Anakuja Ijumaa," alisema.

Sista akaandika kwenye karatasi yake: anakuja Ijumaa.

Ijumaa saa moja asubuhi Kinyozi alianguka barabarani, akitokea kibandani, mwendo wa dakika tano, hatua chache kabla ya pale njia inapogawanyika, kulia kwenda hospitali na kushoto kwenda nyumbani kwake. Alikuwa hajafika pa kukata kona. Waliomwokota waliona mfuko wenye shuka na soksi wakajua ni wa wapi, wakamkimbiza. Pindo alikuwa ameshaunganishwa kwenye mashine alipoingizwa kwa machela. Alimwona anavyopumua, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, povu la rangi ya waridi pembeni ya midomo. Alitaka kuinuka, mipira ikamzuia, mashine ikaanza kulia. Walimpeleka Kinyozi chumba kingine. Alifariki kabla ya adhuhuri, mkewe akiwa ameshika daftari la vikombe, ambalo alikuja nalo mbio akidhani madaktari watalihitaji.

Jumatatu iliyofuata Pindo hakutoka. Alivaa, akapanga shuka kwenye mfuko, akakaa kwenye kiti cha cherehani, na saa ikapita. Wifi yake alisimama mlangoni mara ya kwanza, akaondoka. Mara ya pili akaingia.

"Leo si siku yako?"

"Ni siku yangu."

"Sasa?"

Pindo alipangusa vumbi kwenye cherehani. Wifi yake alikuwa na donge la zamani. Alikuwepo wakati wa zile siku nane. Ndiye aliyemwegemeza ukutani, ndiye aliyeitwa kwa jina la mama wa mtu mwingine.

"Sikiliza, wewe mwanamke," alisema. "Ukifa kwa ugonjwa wako nitakuzika na nitakulilia. Lakini ukifa kwa ugonjwa wa mtu mwingine, sikulilii. Na safari hii hakuna wa kukubeba. Mimi magoti yangu unayajua."

Alichukua mfuko, akautupa mapajani kwa Pindo, akaenda kumtafutia usafiri.

Huko hospitali, baada ya kusafishwa, aliitwa ofisini. Walikuwepo daktari, matroni na Sista. Hakuficha kitu. Alieleza alivyomkuta Kinyozi, alichomweleza, alichoombwa na alichokubali. Daktari hakumkaripia, na pengine angemkaripia ingekuwa afadhali. Alisema polepole kwamba mtu anayetaka kuacha ana haki ya kusikilizwa, lakini huyu hawakupata nafasi ya kumsikiliza. Huenda ilikuwa huzuni yenye dawa. Huenda wangebadilisha saa zake, wangemwita mkewe, wangempa hata dawa ya kupunguza kuzama, kama alikuwa ameamua kweli. "Huenda," alisema. "Sasa hatutajua." Matroni akamwambia arudishe daftari la mafunzo. Macho ya Sista yalikuwa mekundu, na ile karatasi aliyoandika 'anakuja Ijumaa' ilikuwa mbele yake mezani.

Mkewe Kinyozi alikuja wiki ya saba baada ya msiba. Pindo alikuwa anapiga pasi alipomwona mlangoni, amekonda, ameshika furushi. Alijua ni nani, ingawa walikuwa wamekutana mara mbili tu kwenye korido. Akamkaribisha kiti. Mwanamke hakukaa.

"Nimeambiwa ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Siku tatu."

"Siku tatu. Aliniomba nisiseme, nikakubali. Nilikosea, mdogo wangu. Nilidhani nikimtisha anarudi."

"Mimi nilikuwa napima vikombe!" Sauti ilimkatika. "Nilikuwa naandika, asubuhi kikombe, mchana nusu. Na yeye ana chupa nzima kule. Alikwambia kwa nini?"

"Alisema amechoka."

"Na mimi? Alisema nini kuhusu mimi?"

Pindo aliiweka pasi wima. Angeweza kuchagua maneno mazuri, alikuwa nayo. "Alisema umekuwa askari wake. Alisema unampenda, na anajua. Yote mawili alisema."

Mwanamke akakaa. Alilia kwa muda mrefu, si kwa sauti, kichwa kimeinama kwenye furushi. Kisha akauliza lile lililomleta.

"Mahali alipoangukia. Umepaona?"

"Nimepaona."

"Alikuwa anakwenda wapi? Hospitali, au anakuja nyumbani kuniambia, au kunidanganya tena? Mfuko alikuwa nao."

"Mfuko alikuwa nao kila siku."

"Ndiyo nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyezungumza naye mwisho wakati anasema kweli."

Upande wa pili wa pazia wifi alikuwa anajifanya anafagia. Pindo alijua jibu ambalo lingemwezesha mwanamke huyu kulala. Lilikuwa neno moja tu. Lakini alikuwa ameshajua madhara ya kutoa jibu la kumtuliza mtu.

"Sijui," alisema. "Nimewaza kila siku. Sijui."

Mkewe Kinyozi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea mzigo aliojua uzito wake tangu mwanzo. Alifungua furushi. Ndani mlikuwa na makoti mawili meupe ya kunyolea. Akasema binti yao anaanza shule mpya, sare ni nyeupe, na kitambaa hiki bado kigumu. Kama Pindo anaweza kuyapunguza.

"Naweza."

"Sijakusamehe," alisema akiwa mlangoni.

"Sijakuomba uharakishe."

Pindo alianza kufumua siku hiyo hiyo. Kwenye mikunjo ya kola na chini ya mifuko, kila uzi alioukata ulifungua vinywele vidogo, vyeusi na vya mvi, vya wanaume asiowajua. Alivipangusa kwa kiganja, akafua kitambaa mara tatu, akakata mashati mawili ya mtoto wa miaka saba, akayaachia pindo pana ili yashushwe akikua.

Hospitali haikumrudisha kwenye mpango, naye hakuomba. Aliendelea na mashine yake. Wagonjwa wapya walipewa wenza wengine, na baadhi yao, baada ya mwezi au miwili, walimgeukia pale kitini na kumuuliza wanachotaka kuuliza. Aliwajibu. Kisha aliwaambia, mbele ya macho yao, kwamba Sista atasikia neno hili leo, na alisubiri Sista apite, akamwita. Wengine walimnunia na hawakusema naye tena. Mmoja alimwita msaliti. Pindo aliishi miaka mingine minne, ambayo kwa mtu wa mashine ni mingi, na katika miaka hiyo mkewe Kinyozi alikuja kila muhula na shati la kushusha pindo, akakaa kwenye kiti kile kile akingoja.